Je, Nani Mwingine Anasikiliza Simu Yako?

Tuseme, msomaji, uko sokoni Kitale na unampigia binti yako anayesoma Chuo Kikuu cha Kibabii, kule Bungoma. Unamwuliza kuhusu karo, naye anakujibu kwa sauti ya chini maana wenzake wako karibu. Mwadhani mko wawili tu. Lakini sauti yako hairuki moja kwa moja hadi Bungoma. Huenda hewani mpaka mnara ulio karibu nawe, ikapita katika mitambo ya kampuni ya simu, kisha ikarushwa na mnara ulio karibu na binti.

Hewani maneno hufichwa kwa tarakimu za siri. Ndani ya mitambo ya kampuni hayafichwi tena, na ndiyo maana serikali ikitaka kukusikiliza haina haja ya kukesha Kiminini na vinasa sauti. Itabisha hodi kwa kampuni.

Hata hewani kwenyewe kuna mwanya. Katika mtandao wa 2G, ambao kabambe nyingi bado hutegemea, simu hujitambulisha kwa mnara lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Ni sawa na askari anayedai kitambulisho chako huku akikataa kuonyesha chake! Mwenye mnara bandia, unaoweza kutoshea garini, huivuta simu yako kwake. Mnamo Desemba 2009, huko Berlin, mtaalamu Karsten Nohl alieleza jinsi siri za 2G zinavyoweza kufumbuliwa kwa kompyuta za kawaida. Mitandao ya 3G na iliyofuata iliziba pengo hilo la kitambulisho.

Hata hivyo, usianze kutilia shaka kila gari lililoegeshwa mtaani. Linalotisha zaidi ni kumbukumbu. Ukisafiri kwa matatu kupitia Kamukuywa na Webuye mpaka Bungoma huku ukipiga simu, kampuni hubaki na orodha: uliongea na nani, saa ngapi, kwa muda gani, kupitia mnara upi. Anayeisoma ataijua safari yako bila kusikia neno lako hata moja. Polisi hutumia orodha kama hizo kuwasaka wahalifu, na hakuna mwenye akili timamu atakayelalamika. Swali ni nani anawachunga wanaozisoma.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda siri ya mawasiliano yako, na sheria ya ujasusi ya 2012 hudai kibali cha Mahakama Kuu. Lakini mwaka 2017 shirika la Privacy International la London lilidai kwamba majasusi hupata mawasiliano bila kibali. Safaricom ilikanusha kuhusika. Wakati huo huo, Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mtambo wake na mitandao ya kampuni, ikisema unanasa simu bandia tu. Okiya Omtatah alikwenda mahakamani. Jaji John Mativo aliuzuia mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo 2020, na 2023 Mahakama ya Juu ikatupa rufani ya chama cha mawakili.

Wewe ufanyeje? Kwa mazungumzo ya ndani tumia WhatsApp au Signal, ambazo hufunga maneno tangu simu yako hadi ya mwenzio. Baadhi ya simu za Android zina swichi ya kuzima 2G. Ukifika mahali penye 2G pekee na mtandao ukapotea, iwashe tena.