Goma: Kwa nini seva za Birere "zinakufa" umeme ukirudi

GOMA – Katika duka la fotokopi au chumba cha intaneti pale Birere, umeme ukirudi kazi hairudi palepale. Kompyuta zinawaka, modemu inawaka, rezo ipo, lakini programu ya mauzo haifunguki. Fundi anaitwa, anazima seva na kuiwasha tena, mambo yanakwenda, mwenye duka analipa. Kesho tatizo ni lilelile.

Mara nyingi seva haijaharibika. Adresi yake imebadilika, na programu zake hazina habari.

Kila kompyuta kwenye mtandao ina adresi ya IP, ambayo kwa kawaida hutolewa na modemu kwa muda tu. Forfe ikiisha, mwenye duka anaweka modemu ya kampuni nyingine. Hapo adresi zilizoanza na 192.168.1 zinaweza kuanza na 192.168.8. Seva inapokea adresi mpya, lakini programu iliyofungwa kwenye adresi ya zamani inaendelea kusikiliza pale pa zamani, kama mchuuzi anayengoja wateja mahali soko lilipokuwa jana.

Kuna shida nyingine. Umeme ukirudi, seva inaweza kuamka kabla ya modemu. Programu inaomba adresi ambayo haijafika, mfumo unakataa, nayo inajizima. Modemu ikiwa tayari, hakuna wa kuiamsha.

Dawa ziko tatu

Ya kwanza ni kuiambia programu isikilize kwenye adresi zote, kwa kuandika 0.0.0.0 katika mipangilio yake. Adresi ikibadilika, haiathiriki, ingawa mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yatakatika. Hatari yake ni kwamba mlango unafunguliwa pande zote. Seva ikiwa na adresi inayoonekana kwenye intaneti, watu wa nje nao wanaweza kubisha, hivyo ukuta wa ulinzi ni lazima.

Ya pili ni programu inayojikagua yenyewe. BIND, inayotafuta majina ya tovuti, kwa kawaida hukagua adresi za mashini kila dakika 60. ntpd, inayorekebisha saa, hukagua kila dakika 5. Mwenye duka anayebadilisha modemu mara mbili kwa siku hawezi kungoja saa nzima. Kwa bahati nzuri, Linux yenyewe hutangaza mara moja adresi inapoongezwa au kuondolewa. Programu iliyoandikwa vizuri husikiliza tangazo hilo na kuhama palepale. Matoleo ya karibuni ya BIND yanaweza kufanya hivyo.

Ya tatu ndiyo inayofaa zaidi duka dogo: kuweka ruta yako mwenyewe kati ya modemu na kompyuta, na kuipa seva adresi moja isiyobadilika. Modemu ibadilike, kampuni ibadilike, ndani ya duka adresi inabaki ileile. Ruta na seva zikiwekwa pamoja kwenye betri, hata tatizo la kuamka mapema linapungua.

Basi kabla ya kununua seva mpya, mwulize fundi swali moja: programu hii inasikiliza kwenye adresi gani, na adresi hiyo bado ipo? Jibu linaweza kuokoa pesa za mashini nzima.