Mto Ruvuma Ungali Mdogo

Jina la Ruvuma twalitaja kila siku, maana ndilo jina la mkoa wetu. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kuuona mto huo ungali mdogo? Hauko mbali. Mashariki ya mji wa Songea iko milima ya Matogoro, nayo imevikwa msitu. Humo, chini ya miti, ndimo zitokamo chemchemi zake, na kijito chake cha kwanza hata mtoto aweza kukiruka.

Njia yake ni ya ajabu. Bahari iko mashariki, lakini mto huu huanza kwa kwenda magharibi, kama mtu aliyepotea. Kisha hugeuka kusini. Nao ufikapo mpaka wa Msumbiji hugeuka tena, ukaelekea mashariki hata Bahari ya Hindi. Huko mpakani hupokea maji ya mto Lujenda, na karibu na makutano hayo lilifunguliwa Daraja la Umoja mwaka 2010, lenye urefu wa mita 720. Ndicho kile kijito tulichokiruka!

Milima hiyo hiyo huzaa na mto Luegu, lakini maji yake hayafuatani na nduguye: huishia katika Rufiji. Basi matone mawili ya mvua yaangukayo karibu karibu huweza kufika baharini mahali pawili palipo mbali sana.

Mvua zetu hukoma karibu na Mei, wala hazirudi mpaka Novemba au Desemba. Mbona kijito hakikomi? Waalimu wawaonyeshe watoto hivi: watwae masinia mawili ya udongo, wayainamishe kidogo, moja walifunike kwa majani makavu, la pili waliache tupu, kisha wayamwagie maji sawasawa. Penye majani, maji hunywewa na kutoka polepole. Pasipo majani, hukimbia pamoja na udongo. Ndiyo kazi ya msitu.

Twajua ya kuwa mwenye njaa huutamani udongo mweusi wa kando ya chemchemi, wala haja yake si ya uongo. Lakini mji wa Songea hunywa maji ya Matogoro, na chemchemi ikikauka, mwenye shamba hilo naye atakosa maji. Basi, wazazi, kabla hatujawatuma watoto kutafuta kuni, tuwaonyeshe kwanza maji ya mtungini yatokako.