Kuku wa Mtoto, Kitoweo cha Mgeni

Julai katika uwanda wa juu wa Ufipa ni mwezi wa kuvaa sweta mbili. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri unapasua midomo. Asubuhi moja ya namna hiyo waliingia kwangu baba na binti yake wa miaka sita. Sweta ya mtoto ilikuwa imetuna tumboni, na kilichotuna kilikuwa kinalia.

"Daktari, shikamoo."

"Marahaba, mama. Umebeba nani humo?"

"Popi. Ni wa kwangu."

Baba akaeleza kwamba binti amelilia mbwa tangu Pasaka, mbwa wa jirani amezaa, basi wamekuja waambiwe achomwe sindano gani. Nikadodosa kidogo. Nyumbani wana ng'ombe wawili wa kulimia, mbuzi, nguruwe bandani na kuku wasiohesabika. Mtoto huyu anaishi katikati ya wanyama. Ila ng'ombe ni jembe, mbuzi ni ada ya shule, nguruwe ni Krismasi. Yeye alitaka mmoja ambaye hana shughuli nyingine duniani zaidi ya kuwa wake.

Wazazi wengi hulisikia neno "mnyama" na kulipita neno "wa kwangu", na hapo ndipo kwenye uzito. Huku kwetu mtoto huambiwa tangu akiwa mdogo: tetea huyu ni wako. Atampa jina, atamtafutia mchwa, atahesabu siku 21 za kuatamia kwa vidole vya mikono na miguu. Kisha anakuja mjomba kutoka Namanyere, na jioni tetea yuko sufuriani. Mtoto akilia, anaambiwa kuku ni kuku. Nimewasikia watu wazima kabisa, wenye wajukuu, wakimtaja kwa jina kuku waliyenyang'anywa hivyo. Sisemi mgeni apewe mchicha. Nasema kama kuku ataliwa siku moja, mtoto aambiwe siku anayokabidhiwa, na siku yenyewe ikifika aulizwe kwanza. Kama hilo linakushinda, usimwambie ni wake.

Kuku, hata hivyo, namtetea. Kaskazini zaidi kando ya ziwa letu la Tanganyika, huko Gombe, Jane Goodall alianza kazi yake ya sokwe Julai 1960. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba utafiti wake wa kwanza aliufanyia bandani Uingereza, akiwa na umri wa miaka minne na nusu. Alitaka kujua yai linatokea wapi, akajificha kwenye majani makavu saa nne nzima hadi kuku akataga. Nyumbani walikuwa wameshaita polisi. Mama yake, Vanne, alipoona macho ya mtoto yanavyong'aa hakugomba. Alikaa chini akasikiliza habari za yai. Baadaye akaja mbwa aitwaye Rusty, na Goodall alisema mbwa huyo ndiye aliyemfundisha kwamba wanyama wana tabia na akili zao, jambo ambalo maprofesa wa Cambridge walilikataa alipofika kwao. Saa nne za kukaa kimya kwenye vumbi la banda! Mpe mtoto wa chekechea kazi hiyo kwa kumlazimisha uone.

Kuku wa mtoto ana adui mmoja mkubwa kuliko mgeni: ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ukiingia kijijini wakati wa kiangazi unaweza kufagia mabanda yote kwa siku chache. Kinga yake ni ya bei nafuu. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, hutengeneza Kibaha chanjo iitwayo TEMEVAC, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani zilizoharibika mara zikikosa jokofu. Ni tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi 3. Mtoto wa miaka sita anaweza kumshika kuku vizuri wakati mkubwa anadondosha, na anaweza kuikumbuka tarehe kuliko baba yake.

Sasa Popi. Nilimfunua mdomo: meno ya mbele ndiyo kwanza yamechomoza. Alikuwa na wiki tano hivi. Nikasema arudi kwa mama yake wiki tatu, na hapo ofisi yangu ikajaa kilio.

Sababu ni hizi. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na siku hizo za mwanzo hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hata wiki ya tano, baridi ya Ufipa usiku inamshinda akilala peke yake sakafuni. Halafu kuna shule anayoipata kwa ndugu zake. Akimuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huisha. Hivyo anajifunza kupima jino. Anayeondolewa mapema huja kujifunzia somo hilo kwenye vidole vya mtoto wako. Wiki ya nane ndiyo ya kumchukua. Tena asichukuliwe akafungiwa uani, maana tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ndipo anapojenga mazoea na watu, sauti na baiskeli. Mbwa ambaye kipindi hicho chote hakuona watu huwaogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeuma.

Chakula nakipita haraka: ugali mtupu hautoshi. Changanya na dagaa wa ziwani, hata wale waliovunjika chini ya gunia.

Minyoo siipiti. Minyoo ya mbwa humwingia mtoto wake angali tumboni, kisha tena kwa maziwa, kwa hiyo mtoto wa mbwa mwenye afya njema machoni pako bado anayo. Ndiyo maana dawa huanza kutolewa akiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila wiki mbili hadi miezi mitatu hivi, kwa kipimo cha uzito wake. Mayai ya minyoo hiyo yakitoka na kinyesi huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Kinyesi kikizolewa kila siku na mkubwa, na mtoto akinawa kwa sabuni kabla ya kula, njia imezibwa.

Kisha kichaa cha mbwa. Karibu wagonjwa wote wa ugonjwa huu duniani waliupata kwa mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya jino na dalili kuna muda, na muda huo ndio uhai: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister wa miaka tisa, tunajua chanjo baada ya kuumwa inaokoa.

Kuna jambo ambalo kwenye karatasi za elimu ya afya halionekani sana, nami limeninyima usingizi. Mtoto anayempenda mbwa wake huficha jeraha. Anajua akisema, mbwa atapigwa rungu. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba Popi akiuma, hauawi kwa hasira. Kama inawezekana anafungwa na kuangaliwa siku 10 huku mtoto mwenyewe akipelekwa kutibiwa. Mtoto aliyeahidiwa hivyo atasema.

Baba aliniuliza kama kuna mnyama mwepesi zaidi. Wapo simbilisi, wanaofugwa sana kwingine Nyanda za Juu Kusini. Huzaliwa na manyoya, macho wazi, na hawaumi ovyo. Ila miili yao haitengenezi vitamini C, wanataka majani mabichi kila siku, nao baridi inawaumiza. Hakuna mnyama mwepesi. Hata ile hoja kwamba mnyama humfundisha mtoto kuwajibika siiamini sana kwa umri wa miaka sita. Mtoto ataweka maji. Atasahau siku ya tatu. Mwenye kuwajibika ni baba.

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, walirudi. Popi alikuwa amefungwa kamba ya katani shingoni, mnene, akimvuta mtoto badala ya kuvutwa. Nilimchanja, nikachukua kadi nijaze jina la mwenye mbwa. Baba alikwisha kutaja la kwake. Binti akamvuta koti.

Baba akacheka kidogo, akakohoa, akasema, "Andika la kwake, daktari. Namba ya simu weka ya kwangu."