Imani Uani kwa Jirani: Utangulizi

Anayetaka kuijua imani Katoliki hukabidhiwa kwanza Katekisimu. Ile ya mwaka 1992 ina sehemu nne: Kanuni ya Imani, sakramenti, maisha katika Kristo, na sala. Isome, tena isome yote. Ila kitabu hiki kinakualika uanzie kwingine: uani kwa jirani, Jumamosi alfajiri, watu hawajaenda kazini bado.

Hapo ndipo jumuiya ndogo ndogo nyingi za Dar es Salaam husali. Viti vya plastiki vinapangwa, Injili inasomwa, waliopo wanashirikishana walivyoielewa, nia za sala zinatolewa. Kisha matangazo: nani amelazwa, nani amefiwa, mtoto wa nani anajiandaa kwa kipaimara, mchango umefikia wapi. Watafiti wengi hufunga daftari hapo. Mimi ndipo ninapofungua langu. Kutembelea wagonjwa na kuzika wafu ni matendo ya huruma ambayo Katekisimu inayataja kwa sentensi chache tu. Katika matangazo yana jina la mtu, siku, nauli, na mara nyingine ubishi kuhusu nani hakuchanga mara ya mwisho.

Usidhani mambo haya yalianza juzi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, lakini imani ilipoingia bara, waliokaa nayo siku kwa siku walikuwa makatekista na walei, maana padre alipita kigangoni mara chache. Mtazame Karoli Lwanga wa Buganda. Alibatizwa Novemba 1885. Mei iliyofuata, kifo kwa ajili ya imani kikinukia, yeye mwenyewe aliwabatiza vijana wenzake wa ikulu waliokuwa bado wakatekumeni. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Hakuwa padre wala mtawa, na ukristo wake haukuwa umetimiza hata mwaka.

Maaskofu wa Kongo waliamua mwaka 1961 kuyajenga maparokia yao juu ya jumuiya hai za Kikristo, kabla hata ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufunguliwa. Wenzao wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walifuata katika mikutano ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976. Tanzania nayo ilikuwa na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, ambaye alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa, akisema kwamba fumbo la Utatu ni mfano wa kuishi kwa kushirikiana, si fumbo la kutegua kichwani. Wapo waliomwona kachanganya dini na siasa. Nadhani walikuwa na hoja kidogo, naye alikuwa na hoja kubwa zaidi. Yohane Paulo II alipotia saini waraka wa Kanisa katika Afrika mwaka 1995, picha ya Kanisa kama familia ya Mungu haikuwa ngeni kwa watu wa uani.

Familia, lakini, hugombana, na somo letu lingepungua sana tungenyamazia hilo. Wanaume wengi hawaji. Wanawake ndio wanaobeba sala na masufuria ya msibani. Kisha kuna barua. Katika parokia nyingi, anayetaka mtoto abatizwe au ndugu azikwe kwa ibada hudaiwa barua ya uthibitisho ya viongozi wa jumuiya yake. Viongozi husema bila hivyo hakuna atakayewajali majirani mpaka apatwe na shida. Mama anayeuza samaki katika soko la Feri, ambaye Jumamosi alfajiri ndiyo saa yake ya kununua mzigo, anaona amegeuziwa sakramenti kuwa mahudhurio. Pande zote mbili zinazungumza kama Wakatoliki, na kila upande unaweza kukuonyesha ukurasa wa Katekisimu unaouunga mkono. Sura ya kwanza inaanza na barua hiyo.