Waiyaki alisahau neno moja, Nyambura akalilipia

MPENZI msomaji, je, umewahi kusoma kitabu ukiwa kijana, ukakifunga ukijua fika shujaa ni nani, kisha ukakifungua tena mvi zimeanza kuota ukakuta shujaa ni mtu mwingine kabisa? Basi mimi yamenipata.

Kitabu chenyewe ni The River Between, riwaya ya marehemu Ngugi wa Thiong'o iliyochapishwa mwaka wa 1965, ambayo baadhi yenu mliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda. Ngugi aliiandika angali mwanafunzi wa Makerere, kabla hata ya kuandika Weep Not, Child iliyotangulia kutoka mwaka wa 1964. Alipofariki huko Marekani mnamo Mei 28, 2025, nilitoa sandukuni nakala yangu ya shule, ile iliyovishwa jalada la karatasi ya kaki, nikaisoma kwa siku mbili. Hapo ndipo ubishi ulipoanza nyumbani.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kwake yeye jibu ni jepesi: "Baba, si Waiyaki ndiye aliyejitoa mhanga kwa sababu ya mapenzi?" Ndilo jibu nililoandika mimi pia nikiwa na umri wake, na mwalimu akanipa alama nzuri. Leo silikubali.

Kwa wewe usiyekisoma, hadithi ni hii. Kuna matuta mawili yanayotazamana, Kameno na Makuyu, na katikati unapita mto Honia. (Jina hilo ni la Kikuyu, na maana yake ni kuponya. Hata sikio la Mswahili linausikia udugu wa maneno hayo mawili.) Kameno wanashika mila. Makuyu wamefuata dini ya wamishonari wakiongozwa na Mzee Joshua, mhubiri mkali asiyecheka na mtu. Waiyaki ni kijana wa Kameno, mwalimu anayejenga shule ili watoto wa wananchi wasome. Nyambura ni binti ya Joshua, na hakutahiriwa, kwani kanisa la babake limekataza. Wanapendana.

Mambo haya Ngugi hakuyaokota hewani. Mwaka wa 1929 makanisa ya wamishonari katika nchi ya Wakikuyu yaliwataka waumini waikane tohara ya wasichana. Wengi walitoka makanisani, na shule za kujitegemea zikazidi kuenea. Siku hizi sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 inapiga marufuku ukeketaji, na mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini usiisome riwaya hii kama kijitabu cha kampeni. Anayeumia ndani yake anaumizwa na pande zote mbili.

Mtazame Muthoni, mdogo wake Nyambura. Anataka awe Mkristo na pia awe mwanamke kamili machoni pa watu wake. Anatoroka kwa shangazi yake Kameno, anatahiriwa, kidonda kinakataa kupona, anafia katika hospitali ya misheni ya Siriana. Babake alikuwa ameshamhesabu kama mtu asiyekuwepo. Mamake, Miriamu, analia kimyakimya. Naam, mama anayelia kimyakimya! Nitarudi kwake.

Sasa njoo kwa Waiyaki wetu. Kifo cha Muthoni kinamfunza kwamba matuta haya mawili lazima yapatanishwe. Hilo analijua moyoni. Inafika siku wazazi wanamiminika shuleni kumsikiliza, watu kutoka kila upande. Umati wote uko mkononi mwake. Anasimama, anazungumzia elimu, madarasa, walimu zaidi, watu wanashangilia. Anapokwenda nyumbani ndipo anapokumbuka: lile neno la upatanisho hakulisema. Alilisahau!

Nilipokuwa kijana niliupita ukurasa huo mbio mbio nikitafuta mapenzi yalikojificha. Safari hii niliukalia. Maana kila siku Waiyaki anasema nitasema kesho. Anakula kiapo cha kulinda usafi wa kabila, huku moyo wake uko kwa msichana ambaye kabila halimtaki. Rafiki yake Kinuthia anamwonya. Mamake mzazi anamwonya. Wakati huo Kabonyi, hasimu wake, yeye hasahau wala hachelewi.

Na Nyambura? Mwanzoni anamkataa Waiyaki kwa kumhofu baba. Lakini siku Waiyaki anapoingia nyumbani mwa Joshua kumwonya kuhusu hatari, na kufukuzwa kama mwizi, ni Nyambura anayesimama mbele ya babake na waumini wenzake, akamshika kijana mkono na kusema anampenda. Papo hapo amepoteza baba, nyumba na kanisa. Hana umati wa kumshangilia, wala shule yenye jina lake. Mwishoni wote wawili wanakabidhiwa Kiama, yaani baraza la wazee, ili wahukumiwe. (Sisi wasemaji wa Kiswahili neno hilo linatutisha maradufu.) Ni kweli Waiyaki hakumkana mbele ya watu, na hilo ninampa heshima yake. Lakini alikuwa na miezi mingi ya kusema, naye Nyambura alisema siku aliyoulizwa.

Nilipomweleza binti yangu hayo, aliniuliza kwa nini nakasirika hivyo na mtu wa kitabuni. Ikabidi nimwambie jambo ambalo sijapata kulisema.

Dada yangu mkubwa alipotaka kuolewa na kijana wa dhehebu jingine, marehemu baba alisema mlango wake usibishwe tena. Mimi nilikuwa na miaka 17, kipenzi cha baba. Dada alinisihi nizungumze naye, na nikaahidi kufanya hivyo Jumapili jioni, saa ya chai, baba akiwa ametulia. Jioni ikafika. Baba akaniuliza habari za shule. Nikamsimulia matokeo yangu, akafurahi, akanimiminia chai kwa mkono wake. Nikazungumza mpaka giza likaingia, na jina la dada halikunitoka mdomoni. Asubuhi dada alikuwa ameondoka na kisanduku kimoja.

Miaka minane mlango ule ulibaki umefungwa. Mama alikuwa akituma unga na maharagwe kwa siri kupitia kwa dereva wa matatu. Miriamu wetu huyo! Dada alirudi nyumbani siku ya mazishi ya baba, akaketi nyuma kabisa, pamoja na majirani.

Binti yangu alinyamaza kitambo. Siku zote alidhani shangazi yake haji kwetu kwa sababu Nakuru ni mbali. Kisha akaniuliza, "Shangazi anajua kwamba hukumwambia Babu?"

Hajui. Kwa miaka yote hii dada anaamini nilizungumza na baba nikakataliwa. Hata alinishukuru, msomaji, siku ile ya mazishi alinishika mkono akanishukuru.

Juma lililopita nilikifunga kitabu ndani ya bahasha, na barua ya kurasa mbili nikaitia kwenye ule ukurasa wa mkutano wa shuleni. Nilimpa dereva wa matatu za Nakuru. Aliniambia bahasha ilifika siku hiyo hiyo jioni, na kwamba ilipokewa na mwenyewe.

Bado sijapata jibu.