Nadharia za Burgess na Hoyt katika Kueleza Ukuaji wa Dar es Salaam

Ernest Burgess (1925), akitumia mfano wa Chicago, alieleza kuwa mji hukua kwa maduara yanayotanuka kutoka kitovu cha biashara. Homer Hoyt (1939) aliirekebisha hoja hiyo kwa kuonesha kuwa makazi ya aina moja huenea kama kabari kufuata njia kuu. Dar es Salaam inakaribiana zaidi na hoja ya Hoyt, kwani imetanuka kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Hata hivyo, nadharia zote mbili huupa ushindani wa soko nafasi kuu katika mgawanyo wa ardhi, ilhali maeneo ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalitengwa na utawala wa kikoloni kwa misingi ya rangi. Mtafiti asiyezingatia historia hiyo huweza kuuchukulia ubaguzi kuwa ni chaguo la wakazi.