Kuunda, Kubuni na Kuazima: Istilahi za Lugha za Michezo ya Video

Mfasiri wa michezo ya video hukutana na lugha zisizo na kabila wala nchi. Katika Skyrim, mchezo uliotolewa mwaka 2011, majoka wana lugha na maandishi yao. Katika Far Cry Primal, wa mwaka 2016, watu wa kale huzungumza Kiwenja, kilichotungwa na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kwa kufuata lugha mame ya Kihindi-Kiulaya. Je, lugha za namna hii tuziiteje?

Wengine husema "lugha bandia". Istilahi hii haifai. Noti bandia hukusudiwa kudanganya, bali lugha ya majoka haimdanganyi mtu. Tuna vitenzi viwili vilivyo bora zaidi: chombo cha baharini huundwa, hadithi hubuniwa. Kiesperanto, alichokitoa Zamenhof mwaka 1887 ili mataifa yaelewane, ni lugha ya kuundwa. Kiwenja, ambacho makao yake ni hadithi, ni lugha ya kubuni.

Hata hivyo, kubuni si kutupa sauti ovyo. Lugha ni kanuni kabla ya kuwa orodha ya maneno. Tuchukue mfano wa Kitahana, katika Wilaya ya Kibondo. Waha wa huko, kama wenzao wa Kasulu, huita lugha yao Igiha, si Ikiha. Sauti k ya kiambishi hugeuka g mbele ya sauti sighuna. Jirani zao Warundi husema Ikirundi, kwa kuwa r ni ghuna, lakini husema Igiswahili, kwa kuwa s ni sighuna. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Mtoto wa Kitahana huitii bila kufundishwa. Mbunifu wa lugha hana budi kuweka kanuni za namna hiyo na kuzishika. Asipofanya hivyo, mchezaji husikia kelele tu.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo zito. Katika filamu ya Return of the Jedi, ya mwaka 1983, kiumbe wa sayari ya mbali aitwaye Nien Nunb husikika akisema Kikuyu, kwa sauti ya Mkenya, Kipsang Rotich. Watazamaji wengi duniani walidhani ni lugha iliyobuniwa. Wakikuyu waliitambua. Lugha yao, ambayo wenyewe huiita Gikuyu kwa kanuni ile ile tuliyoiona Kitahana, ilipewa kiumbe asiyekuwako. Hii si lugha ya kubuni, bali ni lugha ya kuazima. Mfasiri akiichanganya na ya kubuni, huwafuta wenyewe. Kesho inaweza kuwa zamu ya Kiha.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Lugha ya kuundwa: iliyotungwa ili itumiwe na watu katika mawasiliano yao.
2. Lugha ya kubuni: iliyotungwa kwa ajili ya ulimwengu wa hadithi. Mfasiri aiache kama ilivyo.
3. Lugha ya kuazima: lugha hai iliyotiwa vinywani mwa viumbe wa hadithi. Mfasiri aitaje kwa jina lake.

Walimu na wafasiri walio na hoja tofauti tunawakaribisha wazitoe, kwani istilahi hukomaa kwa kujadiliwa.